Mifupa ya Shingo Inapobana Mishipa ya Damu: Chanzo cha Kiharusi Kisichofahamika kwa Wengi

Kiharusi kinapotajwa, wananchi wengi hufikiria kwanza shinikizo la juu la damu, kisukari, unene uliokithiri, uvutaji wa sigara au umri mkubwa. Fikra hiyo ina msingi, kwa kuwa sababu hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya wagonjwa wa kiharusi duniani kote. Hata hivyo, wapo wagonjwa, baadhi yao wakiwa vijana wasio na ugonjwa wowote kati ya hayo, ambao kiharusi chao hutokana na jambo tofauti kabisa: mfupa wa shingo au wa chini ya fuvu uliorefuka, uliozidi au uliosogea, ukaubana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo.

Chanzo hiki ni adimu, na mwananchi hana sababu ya kuingiwa na hofu kila anapoumwa shingo. Umuhimu wake uko katika mambo mawili. Kwanza, kikigundulika, mara nyingi kinaweza kuondolewa, na mgonjwa akaepushwa na kiharusi cha pili. Kisipogundulika, mgonjwa hutibiwa matokeo huku mfupa ukibaki palepale. Pili, kijana anapopooza ghafla bila sababu inayoonekana, familia nyingi huanza kutafuta majibu nje ya hospitali. Wapo wanaodhani amerogwa, wapo wanaosema amepitiwa na upepo mbaya au jini, na wapo wanaompeleka kwa mtu wa kumchua. Saa ambazo zingetumika kuokoa ubongo hupotea katika mizunguko hiyo.

Makala haya yanaeleza namna mifupa inavyoweza kusababisha kiharusi, dalili zinazopaswa kutiliwa maanani, vipimo vinavyobaini tatizo, tiba zilizopo na hatua ambazo kila kaya inaweza kuchukua.

Njia nne za damu kwenda kwenye ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea kati ya asilimia 15 na 20 ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu anapokuwa ametulia. Hauna akiba ya kutosha ya oksijeni wala sukari, hivyo hutegemea damu inayofika bila kukatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na daktari Jeffrey Saver wa Marekani ulikadiria kuwa mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba na mgonjwa asitibiwe, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa katika kila dakika moja.

Damu hiyo hupanda kupitia ateri nne zilizopo shingoni. Mbili ni ateri za karotidi, ambazo hupita upande wa mbele, kulia na kushoto. Mtu akiweka vidole kando ya koromeo husikia mapigo yake. Kila ateri ya karotidi hugawanyika katikati ya shingo kuwa matawi mawili, moja likienda usoni na kichwani kwa nje, na jingine, yaani karotidi ya ndani, likipanda hadi ndani ya fuvu kulisha sehemu ya mbele ya ubongo.

Ateri mbili nyingine hupita upande wa nyuma, nazo huitwa ateri za pingili kwa sababu hupanda ndani ya matundu yaliyomo kwenye pingili za shingo. Binadamu ana pingili 7 za shingo. Kwa watu wengi, ateri hizi huingia kwenye tundu la pingili ya sita kutoka juu, zikapanda tundu kwa tundu hadi pingili ya kwanza, kisha zikapinda na kuingia ndani ya fuvu. Hulisha sehemu ya nyuma ya ubongo, inayosimamia uwiano wa mwili, uoni, kumeza na upumuaji.

Chini ya ubongo njia hizi nne huungana na kufanya duara la mishipa lililopewa jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyelieleza mwaka 1664. Duara hilo ni kinga ya asili, kwani njia moja ikibanwa, nyingine huweza kufidia. Ndiyo maana watu wengi wenye mfupa unaogusa mshipa huishi maisha yao yote bila kupata madhara. Tatizo hujitokeza pale duara hilo linapokuwa halijakamilika, jambo linalotokea kwa watu wengi tangu kuzaliwa, au pale mshipa unaobanwa unapokuwa ndio pekee unaotegemewa upande huo.

Namna mfupa unavyoleta kiharusi

Mfupa unaweza kuleta madhara kwa njia tatu. Ya kwanza ni kubana tu. Mtu anapogeuza au kuinamisha kichwa, mfupa huukandamiza mshipa na damu hupungua kwa muda. Mgonjwa hupata kizunguzungu, giza machoni au hata kuzimia, na anaporudisha kichwa mahali pake dalili hutoweka.

Ya pili ni kuchubua ukuta wa mshipa. Ukuta wa ateri una tabaka zaidi ya moja. Mfupa mgumu unapousugua mara kwa mara, au unapougonga kwa nguvu wakati wa ajali, tabaka la ndani huweza kuchanika. Damu hupenya kati ya tabaka hizo, ukuta ukavimba kwa ndani na kuziba njia, au bonge la damu likajijenga kwenye jeraha, likakatika na kusafiri hadi kwenye ubongo. Michaniko ya mishipa ya shingo, kwa sababu zake zote, huchangia takriban asilimia 2 tu ya viharusi vya kuziba mshipa kwa watu wa rika zote. Lakini kwa vijana na watu wa makamo ni miongoni mwa sababu kubwa, na hufikia kati ya kiharusi kimoja katika vitano na kimoja katika vinne.

Ya tatu ni kudhoofisha mshipa hadi ukatanuka na kufanya kifuko. Damu inayozunguka ndani ya kifuko hicho huganda, na vipande vyake huweza kukatika na kupanda juu.

Kijiti cha mfupa chini ya sikio

Mfano unaofahamika zaidi ni wa mfupa wa stiloidi. Huu ni mchomozo mwembamba wenye umbo la kijiti kilichochongwa, unaoanzia chini ya fuvu, karibu na sikio, ukielekea chini na mbele. Kila mtu anao wawili. Kazi yake ni kushikilia misuli na kano zinazosaidia ulimi, koo na kumeza. Kwa kawaida urefu wake ni kati ya sentimita 2.5 na 3.

Mwaka 1937, Watt Weems Eagle, daktari wa masikio, pua na koo katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili waliokuwa na mfupa wa stiloidi uliorefuka kupita kiasi. Katika miaka iliyofuata aliendelea kukusanya taarifa za wagonjwa wengine, na tatizo hilo likapewa jina lake, yaani ugonjwa wa Eagle. Wakati mwingine si mfupa wenyewe unaorefuka, bali ni kano inayouunganisha na mfupa wa koo ndiyo inayogeuka kuwa ngumu kama mfupa.

Ugonjwa huu una sura mbili. Sura ya kwanza ni maumivu. Mgonjwa huhisi kama mwiba wa samaki umemkwama kooni, huumia anapomeza, na maumivu huweza kufika sikioni. Wengi huzunguka hospitali kwa miaka wakitibiwa tonsili, meno au masikio bila nafuu. Sura ya pili ndiyo inayohusika na kiharusi. Mfupa wa stiloidi hushuka karibu kabisa na karotidi ya ndani. Ukirefuka au ukikaa upande usio wake, ncha yake huweza kuusugua au kuukandamiza mshipa huo, hasa mtu anapogeuza kichwa, anapopiga miayo mikubwa au anapoumia shingo katika ajali.

Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 4 ya watu wana mfupa wa stiloidi uliozidi urefu wa kawaida, lakini ni sehemu ndogo tu kati yao wanaopata dalili, na wanaopata kiharusi ni wachache zaidi. Hivyo, kuonekana kwa mfupa mrefu katika picha ya eksirei ya meno au ya shingo si hukumu. Ni taarifa ambayo daktari huipima pamoja na dalili za mgonjwa.

Kiharusi cha mpiga upinde

Mfano wa pili unahusu ateri za pingili. Karibu nusu ya uwezo wa mtu kugeuza kichwa kulia na kushoto hutokana na kiungo kimoja tu, kilichopo kati ya pingili ya kwanza, iitwayo atlasi, na ya pili, iitwayo aksisi. Kila kichwa kinapogeuzwa, ateri ya pingili ya upande mmoja huvutwa na kupinda mahali hapo. Kwa watu wengi hilo halina athari. Lakini iwapo kuna kichokoo cha mfupa kilichoota kutokana na uchakavu wa pingili, kano iliyogeuka mfupa, au kiungo kilicholegea kwa ajali au ugonjwa, mshipa huweza kubanwa hadi damu ikasimama.

Mwaka 1978, daktari Bruce Sorensen alieleza katika jarida la upasuaji wa ubongo habari za mgonjwa aliyepata kiharusi akiwa katika mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde. Mpiga upinde husimama kiwiliwili kikiwa upande mmoja, huku kichwa amekigeuza kabisa kuelekea shabaha na kukiacha hivyo kwa muda. Tangu wakati huo, tatizo la ateri ya pingili kubanwa na mfupa wakati wa kugeuza kichwa limeitwa kiharusi cha mpiga upinde, ingawa wagonjwa wengi hawajawahi kushika upinde.

Mkao huo haupo kwa wapiga upinde peke yao. Dereva anayerudisha gari nyuma, fundi anayepaka rangi dari akiwa ameelekeza uso juu kwa muda mrefu, na mtu anayelala kifudifudi akiwa amepinda shingo, wote huweka shingo katika hali inayofanana na hiyo. Kwa mtu mwenye shingo ya kawaida hakuna hatari. Kwa mtu ambaye kila anapogeuka upande fulani hupata kizunguzungu kikali, huona mbilimbili au huanguka, hiyo ni dalili inayohitaji uchunguzi, isiyofaa kuzoeleka.

Ubavu wa ziada na mfupa wa koo

Mtu wa kawaida ana mbavu jozi 12, zote zikiwa kifuani. Hata hivyo, katika kila watu 100 hupatikana mmoja au pungufu aliyezaliwa na ubavu wa ziada unaoanzia kwenye pingili ya saba ya shingo, juu ya mtulinga. Ubavu huo huweza kuukandamiza mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi. Dalili za kawaida ni mkono kufa ganzi, kuwa baridi, kupauka au kuchoka haraka mtu anapoinua kitu juu ya kichwa.

Uhusiano wake na kiharusi unatokana na ramani ya mishipa yenyewe. Ateri ya pingili huchipuka kutoka kwenye mshipa huo wa mkono. Bonge la damu likijengeka mahali palipobanwa, mara nyingi hushuka mkononi, lakini katika matukio machache sana huweza kurudi nyuma na kupanda kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo, kijana mwenye mkono unaokuwa baridi na kupauka mara kwa mara asiridhike na dawa za maumivu pekee.

Aidha, zipo taarifa chache za kitabibu kuhusu mfupa wa haioidi, ule mfupa mdogo wenye umbo la kiatu cha farasi uliopo juu ya koromeo, kuugusa mshipa wa karotidi wakati wa kumeza au kugeuza shingo. Matukio hayo ni nadra kuliko yote yaliyotangulia.

Saluni, kinyozi na tabia ya kuvunja shingo

Mwaka 1993, daktari Michael Weintraub wa Marekani alichapisha taarifa ya wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni. Wote walikuwa wamelaza shingo nyuma kwenye ukingo mgumu wa sinki. Mkao huo huvuta ateri za pingili na kuzikandamiza kwenye mifupa inayozizunguka, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa au mwenye pingili zilizochakaa.

Katika miji ya Afrika Mashariki, baadhi ya vinyozi na watoa huduma ya kuchua humalizia kazi kwa kuikamata taya ya mteja na kuizungusha shingo yake ghafla hadi isikike mlio. Wateja wengi huipenda huduma hiyo na kuiona kama ishara ya kulegezwa vizuri. Taarifa iliyotolewa mwaka 2014 na Chama cha Moyo cha Marekani ilibainisha kuwa upo uhusiano kati ya kuzungushwa shingo kwa namna hiyo na kuchanika kwa mishipa ya shingo, ingawa haijathibitishwa kuwa kila tukio limesababishwa na kitendo hicho. Baadhi ya watu huwa tayari wana mchaniko unaowaletea maumivu ya shingo, na maumivu hayo ndiyo yanayowapeleka kuchuliwa.

Kwa hali yoyote kati ya hizo mbili, ushauri ni mmoja. Shingo isizungushwe kwa nguvu na mtu asiye na mafunzo ya tiba, na maumivu mapya na makali ya shingo yasipelekwe kwa mchuaji kabla ya kuonwa na mtaalamu wa afya. Mteja ana haki ya kumwambia kinyozi aache, na anayeoshwa nywele anaweza kuomba taulo nene la kuegemeza shingo au kuinama mbele badala ya kulala nyuma.

Dalili za kutilia maanani

Dalili za kiharusi kinachotokana na mfupa ni zilezile za kiharusi kingine chochote. Uso hupinda upande mmoja, mkono au mguu hukosa nguvu, kauli hukwama au maneno hayaeleweki. Sehemu ya nyuma ya ubongo inapohusika, mgonjwa huweza kupata kizunguzungu kikali cha ghafla, kuona mbilimbili, kuyumba anapotembea, kutapika au kushindwa kumeza. Dalili hizi zikitokea, haijalishi chanzo ni nini. Mgonjwa anatakiwa kufika hospitali mara moja.

Zipo pia dalili zinazoashiria kuwa shingo ndiyo yenye tatizo. Miongoni mwake ni maumivu mapya ya upande mmoja wa shingo, uso au kichwa, ambayo mgonjwa hajawahi kuyapata. Nyingine ni kope la jicho moja kulegea huku mboni ya jicho hilo ikiwa ndogo kuliko ya jicho jingine, ishara ambayo hutokea kwa sababu neva za jicho hupita zikiwa zimeizunguka ateri ya karotidi. Vilevile, dalili zinazokuja kila kichwa kinapogeuzwa upande fulani na kuondoka kinaporudishwa, au hisia ya kitu kilichokwama kooni iliyodumu kwa miezi, zielezwe kwa daktari bila kuachwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni dalili zinazodumu dakika chache na kupotea zenyewe. Mtu hupooza mkono kwa robo saa kisha akapona, na familia ikashukuru na kuendelea na shughuli. Kitabibu hilo ni onyo, kwani kiharusi kamili huweza kufuata ndani ya saa au siku chache. Mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Vipimo vinavyobaini tatizo

Kipimo cha kwanza kwa mgonjwa wa kiharusi ni CT-Scan ya kichwa. Kazi yake kubwa ni kutofautisha kiharusi cha kuvuja damu na kile cha kuziba mshipa, kwa kuwa tiba zake zinapingana. Hata hivyo, CT-Scan ya kawaida ya kichwa haionyeshi mishipa ya shingo. Hapo ndipo wagonjwa wenye tatizo la mfupa wanapoweza kupita bila kutambuliwa.

Kuona mishipa hiyo kunahitaji CT-Scan inayofanyika baada ya mgonjwa kuchomwa dawa maalumu kwenye mshipa wa damu, ikipigwa kuanzia kifuani hadi kichwani. Kipimo hicho huonyesha mfupa na mshipa kwa pamoja, na kompyuta huweza kuunda picha ambayo daktari anaizungusha kila upande na kupima urefu wa mfupa na umbali wake kutoka kwenye mshipa. Kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kiharusi cha mpiga upinde, picha hupigwa kichwa kikiwa kimenyooka na kisha kikiwa kimegeuzwa, chini ya uangalizi wa karibu wa wataalamu. Altrasaundi ya mishipa na MRI nazo husaidia. MRI ina uwezo mkubwa wa kuonyesha damu iliyopenya ndani ya ukuta wa mshipa uliochanika.

Mgonjwa kijana, au yeyote ambaye sababu ya kiharusi chake haijapatikana baada ya vipimo vya moyo, shinikizo la damu na sukari, ana haki ya kumuuliza daktari wake iwapo mishipa ya shingo imechunguzwa. Swali hilo halimkosei heshima daktari. Kwa utaratibu wa rufaa wa Tanzania, mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, akapanda hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na ya Taifa kulingana na mahitaji yake. Upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo hufanyika katika taasisi kubwa, ikiwamo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam.

Tiba zilizopo

Tiba ya dharura haitofautiani sana na ya viharusi vingine vya kuziba mshipa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa mgonjwa anayestahili ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT-Scan kuthibitisha kuwa hakuna damu iliyovuja. Kwa baadhi ya wagonjwa walioziba mshipa mkubwa, bonge huweza kuvutwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa, na kwa wachache waliochaguliwa kwa vipimo hilo linawezekana hadi saa 24. Huduma hizi hazipatikani katika kila hospitali, hivyo kuchelewa nyumbani hupunguza zaidi nafasi ya mgonjwa kuzifikia.

Baada ya dharura, mgonjwa mwenye mchaniko wa mshipa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa miezi 3 hadi 6, huku mshipa ukifuatiliwa. Michaniko mingi hupona.

Kisha hufuata suala la mfupa wenyewe. Kwa ugonjwa wa Eagle, daktari bingwa huweza kuukata mfupa wa stiloidi na kuufupisha, kwa kupitia mdomoni au kwa kupasua shingo. Baadhi ya wagonjwa huwekewa kirija cha chuma ndani ya mshipa ili kuutanua. Tahadhari hapa ni kwamba, mfupa ukibaki mahali pake, huendelea kukikandamiza kirija hicho, na zipo taarifa za virija kuvunjika kwa sababu hiyo. Kwa kiharusi cha mpiga upinde, upasuaji huweza kuondoa kichokoo cha mfupa, au kuziunganisha pingili zisizunguke tena. Njia ya pili humlinda mgonjwa lakini humpunguzia uwezo wa kugeuza kichwa, hivyo uamuzi hufanywa kwa makubaliano kati ya mgonjwa na daktari. Ubavu wa ziada huondolewa kwa upasuaji, na mshipa ulioharibika ukarekebishwa.

Si kila mwenye mfupa mrefu anahitaji kisu. Wasio na dalili hufuatiliwa tu, na wapo wanaotosheka na kolala ya shingo, dawa na kuepuka mikao inayowaletea dalili.

Hatua za kuchukua nyumbani

Mtu anapopata dalili za kiharusi, wanaomzunguka wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kuangalia saa na kukumbuka muda dalili zilipoanza, au muda wa mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Ndilo swali la kwanza ambalo daktari atauliza, na dawa ya kuyeyusha bonge hutegemea jibu hilo.
- Kumpeleka mgonjwa hospitali mara moja, na inapowezekana yenye CT-Scan.
- Kutompa chakula, maji wala dawa ya kumeza, kwa sababu anaweza kupaliwa.
- Kutompa aspirini kabla ya vipimo. Iwapo damu imevuja ndani ya ubongo, dawa hiyo huongeza hatari.
- Kutomchua shingo, kutoizungusha na kutomtoboa vidole kwa imani kuwa damu mbaya itatoka.
- Kumlaza kwa ubavu iwapo anatapika au amepoteza fahamu, huku shingo ikiwa imenyooka. Aliyetoka kwenye ajali asogezwe kwa uangalifu mkubwa zaidi.
- Kumweleza daktari kila jambo lililotangulia, hata likionekana dogo, kama vile kuanguka na pikipiki wiki iliyopita, kuvunjwa shingo kwa kinyozi, maumivu ya shingo, au kizunguzungu wakati wa kugeuka.

Kinga bado inaanzia kwenye mambo ya kila siku

Mtu hawezi kuchagua urefu wa mfupa aliozaliwa nao. Anachoweza ni kuilinda shingo na mishipa yake. Kufunga mkanda wa gari na kuvaa kofia ngumu kwenye pikipiki hupunguza majeraha ya kichwa na shingo wakati wa ajali.

Vilevile, kuwapo kwa vyanzo adimu kusiwafanye wananchi wasahau vyanzo vya kawaida. Utafiti wa kimataifa uliohusisha nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2010 na kuendelezwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi inahusishwa na mambo 10 yanayoweza kudhibitiwa, shinikizo la juu la damu likiwa mstari wa mbele. Hata kwa mtu mwenye mfupa unaougusa mshipa, shinikizo la damu lililodhibitiwa, kuacha sigara na kufanya mazoezi humwachia mishipa mingine yenye afya ya kufidia upungufu.

Kila mwaka tarehe 29 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Kiharusi. Wananchi hawana haja ya kusubiri tarehe hiyo ili kupima shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu nao. Na kwa familia ambayo kijana wake amepooza bila sababu kufahamika, ziara ya kwanza iwe hospitali, na swali la kumuuliza daktari liwe hili: je, mishipa ya shingo imeangaliwa?